Fardhi ya Wengi Mikononi mwa Wachache: Muuguzi na Mgonjwa wa Saratani Asiyepona

Mgonjwa wa saratani ambaye tiba imeshindwa kumponya anamdai nini muuguzi wake? Swali hili lina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu wajibu wenyewe: je, kumhudumia mtu asiyepona ni kazi kamili, au ni masalia ya kazi ya kuponya, jambo linalofanywa kwa huruma baada ya kazi yenyewe kwisha? Ya pili inahusu mwenye wajibu: je, deni hilo ni la muuguzi peke yake kwa kuwa ndiye aliyevaa sare na kupokea mshahara, au ni la watu wengi naye analilipa kwa niaba yao? Majibu yanagusa imani, na papo hapo yanaamua mambo ya kila siku: nani apewe kitanda, nani aruhusiwe kuandika mofini, nani abebe lawama dawa inapokosekana.

Hali ya Kigoma

Mkoani Kigoma swali hili halikwepeki. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni hupokea wagonjwa kutoka mjini, Ujiji, vijiji vya mwambao na wilaya za bara. Wagonjwa wengi wa saratani nchini Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na kati ya wanawake saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani wapatao 40,000 na vifo karibu 27,000. Uwiano huo unaonyesha kuwa sehemu kubwa ya kazi ya wauguzi inafanyika kwa watu ambao hawatapona.

Tiba ya mionzi haitolewi Kigoma. Mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyomo katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 na ambayo ilipewa hadhi ya taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Kwa reli ya kati, Kigoma na Dar es Salaam zimetengana kwa karibu kilomita 1,250. Anayetoka Buhingu au Kalya, kusini mwa ziwa, huanza kwa boti kabla hajaiona stesheni. Sera ya afya imeiweka saratani miongoni mwa magonjwa yenye msamaha wa gharama katika hospitali za umma, lakini msamaha huo haulipi nauli, chakula, wala malazi ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa kwa wiki kadhaa. Familia inayoishi kwa dagaa au mawese hupiga hesabu, na mara nyingi uamuzi ni kubaki nyumbani. Hapo ndipo muuguzi wa zahanati na wa wodi ya mkoa anapobaki kuwa mtaalamu wa mwisho, na pengine wa pekee, ambaye mgonjwa atamwona.

Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na baadaye ikapokea Warundi wengi kuanzia 2015, inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Katika utaratibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, matibabu ya gharama kubwa nje ya kambi huamuliwa na kamati inayopima gharama pamoja na uwezekano wa mgonjwa kupona. Mwenye saratani iliyosambaa ana nafasi ndogo ya kupitishwa. Kamati ina sababu zake, kwa kuwa fedha ni chache na wagonjwa ni wengi. Hata hivyo, anayekataliwa harudi kwenye kamati. Anarudi kwa muuguzi wa kambi, na maumivu yake yakiwa yaleyale.

Chimbuko la wajibu

Mwambao wa Ziwa Tanganyika ni mahali ambapo Uislamu, Ukristo na mila za wenyeji zimeishi pamoja kwa muda mrefu. Ujiji ilikuwa mji wa Waislamu kabla wamisionari hawajafika. Wamisionari wa Chama cha Misheni cha London walifika mwaka 1878, na Mapadre Weupe wa Kanisa Katoliki mwaka 1879. Uislamu, Ukristo na mila hizo vyote vina mafundisho kuhusu mgonjwa, na katika jambo moja mafundisho hayo yanakaribiana kwa namna ya ajabu. Katika Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Imamu Muslim, Mwenyezi Mungu atamuuliza mja siku ya Kiyama kwa nini hakumtembelea alipokuwa mgonjwa, na kumweleza kwamba angemkuta kwa yule mja wake aliyekuwa akiugua. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Kristo anawahukumu watu kwa kipimo hichohicho. Mafundisho yote mawili yananyamazia kupona. Swali la hukumu ni kama mgonjwa alifikiwa. Matokeo ya tiba hayaulizwi.

Historia ya dini hizo ina watu waliolitenda hilo. Rufaida al-Aslamia aliwauguza majeruhi wa Vita vya Handaki mjini Madina mwaka 627, akiwa na hema lake msikitini. Karema, kusini zaidi kwenye ufuko huuhuu wa ziwa, palikuwa na Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta na kufika Karema mwaka 1889. Alitibu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Sehemu kubwa ya miaka hiyo dawa za antibiotiki hazikuwapo, na kwa saratani hakukuwa na lolote la maana ambalo tabibu wa kijijini angeweza kulifanya. Ila kuponya na kuuguza vilikuwa kazi moja ya mtu mmoja, na ya pili haikungoja ya kwanza ifanikiwe.

Mila za wenyeji zinafika mahali hapo kwa njia nyingine. Mwanatheolojia John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu wa Kiafrika anajitambua kuwa mtu kwa kuwa yumo ndani ya jamaa. Mgonjwa aliyetengwa, basi, amepungukiwa utu wake kabla ya kupungukiwa uhai. Kutokana na vyanzo hivi vitatu jibu la sehemu ya kwanza linapatikana: wajibu kwa mgonjwa unatokana na yeye kuwa mtu, na uwezekano wa kupona hauuongezi wala kuupunguza. Uuguzi wa asiyepona ni kazi kamili.

Yaliyomo katika wajibu huo

Kazi kamili lazima iwe na mambo yanayoweza kutajwa na kufundishwa. La kwanza ni kulinda heshima ya mwili. Mfano ulio wazi ni kidonda cha saratani ya matiti iliyopasua ngozi. Kidonda hicho hutoa usaha na harufu kali, na harufu humtenga mgonjwa mapema kuliko maumivu: watoto wanahamishiwa chumba kingine, majirani wanafupisha salamu, naye mwenyewe anaacha kwenda msikitini au kanisani. Muuguzi hukisafisha kwa maji yaliyochemshwa na kutiwa chumvi kidogo, bila kusugua, kwa sababu nyama yake huvuja damu upesi. Kitambaa kilichogandia hulowekwa kwanza ndipo kibanduliwe. Kisha husaga vidonge vya metronidazoli vikawa unga na kuunyunyiza juu ya kidonda. Vidonge hivyo ni vya bei ndogo na hupatikana hata zahanati, kwa kuwa hutumika kwa maradhi ya tumbo. Palipokosekana bandeji, vipande vya khanga kuukuu vilivyofuliwa, vikachemshwa na kuanikwa juani, hufaa. Baada ya siku chache harufu hupungua. Saratani haijarudi nyuma hata kidogo, lakini mama aliyejifungia chumbani anaweza kukaa tena barazani na wenzake. Asemaye kwamba hapo hapakufanyika tiba hajaelewa ugonjwa ulikuwa umemwondolea nini.

La pili ni kutuliza maumivu. Mofini ya kunywa hutengenezwa kwa kuyeyusha unga wake katika maji. Hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na ncha na kunywewa kila baada ya saa 4, na kipimo cha usiku huweza kuongezwa maradufu ili mgonjwa alale. Dawa hiyo hufunga choo, hivyo hutolewa pamoja na ya kulainisha. Wauguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa asiyepona, Afrika Mashariki wametumia kwa kazi hiyo hata mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Pingamizi la kimaadili juu ya mofini ni la zamani: je, si kilevi? Je, haiharakishi kifo? Kwa swali la kwanza, sheria ya Kiislamu inakubali kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri ya haja. Kwa la pili, Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kuwa ni halali kumwondolea mgonjwa maumivu hata ikiwa dawa itafupisha maisha, mradi nia ni kutuliza na hakuna njia nyingine. Kanuni zote mbili zinatazama nia na kipimo. Mofini inayotolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa taratibu haikusudii kuua, na mgonjwa aliyepumzika hula, husali na huzungumza na wanawe.

La tatu ni ukweli, na hapa pana mvutano mkubwa zaidi. Ndugu wengi humwomba muuguzi asimwambie mgonjwa jina la ugonjwa. Wanafanya hivyo kwa upendo, wakiamini kwamba kukata tamaa kunaua. Muuguzi naye kwa kawaida hana mamlaka ya kutangaza majibu ya vipimo. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini daktari hupita asubuhi, na swali huja usiku wa manane, mgonjwa akinong'ona: “Sista, nitapona?” Dini zenyewe zinatoa hoja ya kusema. Muislamu ameagizwa kuacha wasia, kulipa madeni na kuomba radhi. Mkatoliki ana sakramenti ya mpako wa wagonjwa na kitubio. Mambo hayo hayafanyiki na mtu asiyejua kwamba muda wake umekaribia. Kumficha ni kumnyima nafasi ambayo imani yake inaithamini kuliko siku chache za matumaini. Kwa upande mwingine, ukweli uliotupwa kwa mtu asiyeutaka nao ni ukatili. Njia ya haki ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe anajua nini, anataka kujua nini, na angependa nani awepo anapoambiwa, kisha kumwita daktari na ndugu katika mazungumzo hayo. Haki ya kujua ni ya mgonjwa, na haki ya kutotaka kujua ni yake pia.

La nne ni tumaini. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani zao walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na baadhi yao waliacha tiba za hospitali. Mkasa ule ulionyesha kwamba mgonjwa aliyeambiwa “hakuna la kufanya” atatafuta mahali pengine panapomwambia lipo. Kigoma, ambako wapo wanaoihusisha saratani na kurogwa, mgonjwa anaweza kuwa amepita kwa waganga kabla ya kufika zahanati. Muuguzi anayemkejeli humfukuza. Anayemhakikishia uponyaji humdanganya. Kinachobaki ni tumaini ambalo muuguzi anaweza kulitimiza: maumivu yatapunguzwa, kidonda kitasafishwa, hutaachwa peke yako. Sentensi hiyo “hakuna la kufanya” haipaswi kutamkwa kwa mgonjwa yeyote, kwa sababu si ya kweli.

Mambo hayo manne yanalingana na fundisho la Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza akiwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, ya St Christopher's London. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nne: mwili, nafsi, jamaa na roho. Anayetibu upande mmoja tu hajamaliza kazi.

Wajibu mmoja, mazingira tofauti

Wauguzi wa saratani katika nchi mbalimbali huieleza kazi yao kwa namna inayofanana: kukaa karibu na mgonjwa, kumtetea, kumfundisha, kumfariji. Mamlaka na vifaa walivyopewa ndivyo vinavyotofautiana. Uganda, ambako daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ilibadili sheria mwaka 2004 ili wauguzi waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika mofini ya kunywa. Katika nchi nyingi nyingine idhini hiyo imebaki kwa daktari, hata pale ambapo daktari yuko mbali na mgonjwa kwa safari ya siku nzima.

Oman, nchi yenye undugu wa damu na lugha na watu wa Ujiji na Pwani, ina hospitali za saratani zenye vifaa vya kisasa, kikiwemo kituo cha Sultan Qaboos kilichofunguliwa Muscat mwaka 2021. Huko tatizo kubwa ni lingine. Familia hushika usukani wa maamuzi na mara nyingi hutaka mgonjwa afichwe, huku wauguzi wengi wakiwa wametoka ng'ambo na hawajui lugha ya wagonjwa wao vizuri. Uingereza ina wauguzi bingwa wa saratani, wakiwemo wale wa shirika la hisani la Macmillan walioanza mwaka 1975, na mofini ipo. Malalamiko ya huko ni uchache wa watu, uchovu, na muda wa kuzungumza na mgonjwa unaoliwa na makaratasi.

Ulinganisho huu una funzo. Utajiri wa vifaa hauondoi ugumu wa ukweli na wa kuwapo karibu na mgonjwa. Umaskini wa vifaa nao hauondoi wajibu, lakini humlazimisha muuguzi kuutimiza kwa gharama ya mwili na roho yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9, na asilimia 89 ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha chini-kati. Penye upungufu huo muuguzi mmoja hubeba wodi nzima usiku, huchanganya dawa kali za saratani bila kabati la usalama linalomkinga na mvuke wake, na hujifunza tiba shufaa kazini kwa kuwa chuoni haikufundishwa vya kutosha.

Deni ni la nani?

Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani Andrew Jameton, katika kitabu chake kuhusu maadili ya uuguzi, aliipa jina hali ya muuguzi anayejua lililo sahihi lakini anazuiwa na mazingira kulitenda: dhiki ya kimaadili. Ni tofauti na huzuni ya kufiwa. Muuguzi anayemwona mgonjwa akilia usiku kucha kwa sababu chupa ya mofini imekwisha anaumia kwa sababu mbili: mgonjwa anateseka, na yeye anajiona ndiye aliyemwangusha. Wengi huishia kujenga ukuta moyoni, wakawa wakali kwa wagonjwa, au wakaacha kazi.

Hapa fikra ya fardhi kifaya inatoa jibu la sehemu ya pili ya swali. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ipo fardhi inayomlazimu kila mtu mwenyewe, na ipo inayoilazimu jamii nzima: wakiitimiza baadhi, wengine wamepona lawama; ikiachwa, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Kumuosha na kumzika maiti ni ya aina hiyo. Kuhusu kumtembelea mgonjwa wanazuoni wametofautiana: wapo walioiona sunna iliyosisitizwa na wapo walioihesabu fardhi kifaya. Lakini kumhudumia mgonjwa ambaye pasipo msaada ataangamia ni zigo la jamii. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anafikia hukumu inayokaribia hiyo anapoilinganisha jamii na mwili ambao kiungo kimoja kikiumia vyote vinaumia.

Likikubaliwa hilo, mshahara wa muuguzi haununui deni lote. Mshahara ni ujira wa kazi. Haumfanyi yeye kuwa mdaiwa wa mofini ambayo haikuagizwa, wa kitanda ambacho hakikununuliwa, wala wa mwenzake ambaye hakuajiriwa. Muuguzi anadaiwa kile kilicho mikononi mwake: ustadi, upole, ukweli, stara, na kutomkimbia mgonjwa. Qur'ani inafundisha kwamba nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake, na fundisho hilo linamhusu muuguzi sawa na mgonjwa. Anapokuwa ametimiza sehemu yake na bado mgonjwa anateseka kwa kukosa kitu ambacho kingeweza kupatikana, lawama inarudi kwa wale ambao yeye alikuwa akiwawakilisha.

Hao wanajulikana. Serikali inadaiwa mofini isiyokatika katika kila hospitali ya mkoa na wilaya, wauguzi wa kutosha zamu, na sheria inayompa muuguzi aliyesomea tiba shufaa mamlaka yanayolingana na umbali wa wagonjwa wake. Vyuo vinadaiwa mafunzo. Misikiti na makanisa, ambayo tayari yana vikundi vya kuzuru wagonjwa, yanadaiwa zaidi ya dua ya Ijumaa na misa ya Jumapili: nauli ya rufaa, mtu wa kulala na mgonjwa ili muuguzi apumzike, na mahubiri yanayowahimiza wanawake wapimwe shingo ya kizazi mapema na wazazi wawapeleke mabinti kupata chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, chanjo ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018. Familia inadaiwa kumleta mgonjwa mapema na kutomwachia muuguzi peke yake jukumu la kusema ukweli. Na wote wanadaiwa na muuguzi shukrani, ambayo ni haki yake na si hisani.

Kwa hiyo swali lililoulizwa lina jibu katika sehemu zake zote mbili. Kumhudumia mgonjwa wa saratani asiyepona ni wajibu kamili, wenye mambo yanayotajika, yanayofundishika na yanayoweza kufanyika hata katika zahanati ya mwambao. Na wajibu huo ni wa jamii yote, ambayo imemtuma muuguzi autekeleze. Kadiri jamii inavyomtuma mikono mitupu, ndivyo inavyobaki na deni lake mbele ya mgonjwa na mbele ya Mungu.